Alumini Iliyonyamaza Kwenye Asidi

Leo nimeambiwa nifute nilichokiona kwa macho yangu!

Nimetoka shule moja kwa moja hadi saiba, duka la intaneti, niwaandikie.

Tulitia vipande vya metali kwenye asidi. Zinki ikatoa mapovu, alumini kimya. Nikaandika hivyo.

Mwalimu wa kemia akasema, "Kitabu chasema alumini ni kali kuliko zinki. Futa."

Sikufuta.

Nikakumbuka mamangu hatii ukwaju kwenye sufuria ya alumini aliyoisugua punde. Asema sufuria yaingia mchuzini. Nikawaza huenda alumini ina utando juu unaoizuia asidi, nikakisugua kipande chake kwa msasa, nikakirudisha kwenye asidi.

Jamani! Baada ya kitambo kilichemka kuliko zinki.

Mwalimu akasema, "Waona? Sasa futa lile la kwanza."

Nimeandika la pili chini yake. La kwanza sifuti ng'o.

Nyie mngefuta?

Aliyeandika kitabu hakuwepo leo. Mimi nilikuwepo.