Upanga wa Ragnfrid

Katika bonde la Orkdal, Norwei, Hallkel alikuwa ameishi na shoka mkononi. Alikata miti kwalo, akajenga nyumba kwalo, na ujanani alikwenda nalo vitani kwenye meli ya mfalme. Sasa mfalme alitaka watu wa meli zake tena. Mzee hakuitwa. Aliyeitwa ni mwanawe, Asmund, na kesho yake vijana wote wangekaguliwa silaha: mkuki, ngao, na shoka au upanga.

Asmund aliuteremsha upanga ukutani. Ulikuwa wa babu yake mzaa mama. Mama yake, Ragnfrid, aliufuta vumbi hadi wiki aliyofariki.

"Urudishe," Hallkel alisema. "Chukua shoka."

"La kuni, Baba? Watanicheka."

"Waache wacheke. Shoka linavunja mfupa hata chini ya deraya. Na huo upanga umejifunza wapi, kwa kuku?"

"Tujaribu, basi."

Walitoka uani, kila mmoja na ngao, upanga ukiwa ndani ya ala yake. Hallkel alinasa ukingo wa ngao ya Asmund kwa shoka, akaivuta chini. Kijana akayumba.

"Umekufa," mzee alisema.

"Bado nina njaa, kwa hiyo sijafa. Tena."

Mara ya pili Hallkel alipiga kwa nguvu. Shoka likazama kwenye ubao wa ngao, likakwama. Alipokuwa akilivuta, ncha ya ala ikamgusa koo.

"Na wewe umekufa, Baba."

"Bahati tu."

"Sawa. Lakini niambie kweli. Ni habari ya shoka, au hutaki upanga utoke nyumbani?"

 Hallkel alitazama mlango uliokuwa wazi, na ukuta mtupu ndani.

"Kwenye meli watu wanabanana," alisema mwishowe. "Shoka halina pa kuinukia. Rafiki yangu Brynjulf alikufa ameinua lake juu. Upanga unachoma."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Mzee wewe. Ungeniua."

"Ndiyo maana nasema sasa. Ngao juu. Usikate, choma. Tena."

Wakaendelea hadi ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kukamuliwa, nao wote wawili wakasimama kidogo, kila mmoja akingoja aende mtu ambaye hayupo tena.