Kulisingizia Tanuru

Wenzake walimbandika jina la Hamira, kwa kuwa akiingia mahali mazungumzo yanaumuka. Alikuwa mwokaji mikate tangu ujana, mtu wa kuvunja watu mbavu kwa vicheko, mwenye mikono ya kukanda unga isiyojua kuchoka. Alishinda mbele ya tanuru la matofali, kifua wazi, jasho likimtiririka hadi visiginoni, na zamu ikiisha alimpelekea mkewe mkate wa moto uliofungwa kwenye gazeti.

Mwaka wa pili wa ndoa alijiingiza kwa mwanamke aliyekuwa akiwaletea mifuko ya kufungia mikate. Halikuwa penzi, ilikuwa tamaa tu, na mwenye tamaa hakosi sababu. Hazikupita siku nyingi akaanza kuwashwa sehemu za siri. Yakatoka malengelenge madogo yaliyosongamana, yakapasuka, yakawa vidonda vya kumtoa mtu machozi akienda haja ndogo. Akamnong'oneza mwokaji mkongwe wa zamu yao. Mzee yule alicheka hadi kofia ikamdondoka.

"Tanuru limekuonja, mdogo wangu! Sisi wote limetupitia. Paka wanga, vaa suruali pana, litapoa."

Na kweli, vidonda vikakauka. Vikarudi alipochoka sana, vikakauka tena. Basi wanaume wazima, wenye ndevu na akili zao, wakaendelea kuyalaumu matofali. Inaudhi hata kusimulia. Tanuru liliwachoma usoni na mikononi. Huko kwingine, ndani ya suruali, lilipitia wapi? Hakuna aliyeuliza, maana kila mmoja alikuwa na lake la kuficha.

Mkewe aliamini, na kwa nini asiamini? Kila alipomwona mumewe amekunja uso alimlaza, akachukua upepeo wa ukili, akakaa ukingoni mwa kitanda kumpepea.

"Pole, baba watoto," alimtania. "Huyu mke mwenzangu tanuru ana wivu jamani!"

Siku vidonda vilipomtoka na yeye, alisema ameambukizwa joto kwa kuzifua zile suruali za kazini. Hamira alimletea wanga. Alisimama pale pale akamtazama anavyojipaka.

Mwonja asali haonji mara moja, na Hamira aliendelea kuonja, hata zile siku ambazo vidonda vyake vilikuwa vibichi. Miaka ikaenda. Kisha vidonda vikagoma kupona, mwili ukamwisha, mkanda ukahitaji matundu mapya. Akaenda zahanati peke yake, kwa kujificha. Nesi, mama mmoja asiyepamba maneno, alimpima, akamwambia ana virusi vya UKIMWI.

"Na hayo malengelenge ni ugonjwa wa zinaa, baba, si joto. Kidonda ni mlango ulioachwa wazi. Hata kikikauka, chini ya ngozi hubaki zile chembe za kinga ambazo virusi vya UKIMWI vinazitafuta. Ndiyo maana mwenye malengelenge huambukizwa upesi zaidi. Mlete mama tumpime."

Tangu hapo Hamira hakujihurumia tena. Aliomba jambo moja tu, kwamba mkewe awe salama. Lakini kila alipoomba alikumbuka kuwa mlango ule wa mkewe aliufungua yeye, kisha akawa yeye huyo huyo aliyepita na maradhi.

Mkewe aliingia kwenye chumba cha nesi akiwa amejifunga kanga mpya, kana kwamba anamsindikiza mumewe tu.

"Ni tanuru, dada nesi," alianza kueleza. "Limemchoma miaka yote huyu. Hata mimi linanipata, kwa zile nguo zake. Nimemwambia aiache ile kazi, hasikii."

Nesi akamgeukia Hamira. "Baba, utasema mwenyewe?"

Yule bingwa wa vichekesho akainamia viatu vyake, navyo vilikuwa bado na unga. Basi nesi akaeleza mwenyewe ugonjwa wa malengelenge na virusi alivyonavyo mumewe, taratibu, na mkewe akasikiliza bila kumtazama mume. Kisha akanyoosha kidole kitobolewe.

Kipimo cha virusi kikaonyesha mistari miwili: anavyo yeye pia. Nesi alizungumza sana juu ya vidonge, kwamba wakivimeza kila siku watalea hadi wajukuu, na hakusema uongo. Hamira hakusikia hata nusu.

Walirudi nyumbani. Mchana ulikuwa wa joto, bati likilia juu yao. Mkewe akajilaza, uso ukutani, na kanga yake mpya akajifunika hadi kichwani. Hamira alihangaika chumbani, kisha akauchukua ule upepeo, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumpepea.

Mkewe akautoa mkono nje ya kanga, akamshika kiganja.

"Uweke chini, baba watoto," alisema. "Tanuru halijawahi kuingia humu ndani. Uliingia wewe."