Saplai ya Damu

Niliwapeleka watu sita Lilongwe wakatolewe damu ambayo hakuna aliyeiomba. Naanza na hilo kwa sababu majirani zangu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, nao huanza na hilo kila wakitaka kuninyamazisha. Heri nilitaje mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani na mtu wa kukaa mlangoni pangu. Siku ambayo sikuvuka uzio wa jirani huwa ni siku njema kwangu. Lakini yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa na bomba shingoni. Katika vita vya kwanza kwetu Kongo, kwenye kizuizi cha njia ya Uvira, askari alimpiga koo kwa kitako cha bunduki kwa sababu aliuliza swali. Njia ya pumzi ikapondeka, ikapona kwa kovu, ikabaki nyembamba kama mrija. Madaktari wakamtoboa chini ya koromeo, wakamwekea bomba "kwa muda". Vita vya pili vilianza tukiwa kambini, na ule muda bado haujaisha. Kila asubuhi mimi ndiye ninayechemsha maji ya kulisafisha, maana likianza kuziba hupiga filimbi. Kwenye kwaya yaya alikuwa sauti ya kwanza. Sasa ili aseme neno aliziba tundu kwa kidole, na neno lilitoka kama upepo wa tairi la kabaza, baiskeli za abiria za huku.

Dokta mmoja mgeni, aliyekuwa akipima watu koo mjini Lilongwe, alimtazama kisha akanieleza mimi, maana kwetu ni mimi niliyemaliza sekondari na kuokota Kiingereza. Alisema ng'ambo wanajaribu kupandikiza kipande cha njia ya pumzi. Shida, akasema, ni saplai ya damu.

Hapo nikaacha kusikiliza. Kambini saplai ni mahindi na maharage: lori linaleta, watu wanapokea. Damu nayo, nikajua, inataka kuletwa tu. Sikuuliza. Msomi aulize nini?

Nilirudi nikatangaza. Wanakwaya watano, na jirani yangu mama wa Kirundi anayeuza matumbo ya mbuzi, walikula mchicha siku tatu kwa amri yangu, damu iongezeke. Tukaomba vibali vya kutoka kambini, tukapanda nyuma ya pikapu. Yaya alivaa kitenge cha kwaya. Njia nzima alishika kidole karibu na tundu, kama mtu anayengoja zamu yake ya kuimba.

Dokta akaangalia watu sita waliokwisha kukunja mikono ya nguo.

"Hawa ni nani?"

"Saplai," nikasema.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alichukua karatasi akachora. "Wewe ni fundi," akaniambia. "Kiraka cha suruali hakili. Kiraka cha nyama kinakula, na chakula chake ni damu." Njia ya pumzi, akasema, haina mshipa mmoja mkubwa wa kuunga. Inalishwa na vimishipa kama nywele, kutoka kila upande. Ukikata kipande ukakishona pengine, kinakufa. Kwa hiyo wanakizungushia utando wa mafuta wa tumboni, wenye mishipa mingi, wangoje mishipa hiyo iingie ndani ya kipande na kukifufua.

Nilipotafsiri, mama wa Kirundi akaruka. "Ule utando? Si njo ule nauza kila siku! Achukue bure!"

"Na imewezekana?" nikamuuliza dokta.

"Kidogo," akasema. "Kwa sungura."

Nikamtafsiria yaya. Yeye akaweka kidole kwenye tundu. "Sungura yake iko inaimba?"

Hilo sikulitafsiri.

Dokta hana kosa, alisema kweli tangu siku ya kwanza. Lakini njia yote ya kurudi nilikuwa nasaga meno. Sungura ambaye hakuna askari aliyemgusa anakatwa koo kwa uangalifu, anashonwa kwa uzi laini kuliko wowote nitakaoushika, na mtu anakaa pembeni anaandika alivyopumua asubuhi na jioni. Yaya alipoanguka pale kizuizini, nani aliandika? Yule askari labda ana cheo sasa. Labda anaimba bafuni. Na mimi, mwenye cheti changu, nilimvalisha dada yangu kitenge cha kwaya kwa neno moja nililolisikia vibaya.

Kesho yake cherehani ililala. Nilikaa mlangoni nikitukana kwa sauti: askari, sungura, mwalimu wangu wa Kiingereza, mchicha. Yaya alikuwa ndani. Jirani yangu alipita na beseni lake la matumbo, akasimama, akanisikiliza mpaka nikarudia matusi yale yale. Ndipo akasema:

"We fundi, sungura utamutukana kesho. Bomba ya dada yako imeanza kupiga filimbi, na maji ya kuisafisha haujaweka hata kwenye moto."