Siku Nilipomnasa Muuaji wa Fundi wa Panda

Afadhali myasikie haya kwangu kuliko kwa majirani. Mimi ndiye mwandishi wa Likasi aliyetoa kitabu kuhusu fundi cherehani wa mtaa wa Panda, aliyeokotwa maiti mtoni karibu na Koni miaka mingi iliyopita, na muuaji hajulikani hadi leo. Mwezi jana watengeneza filamu walikuja kurekodi upelelezi wangu. Nikawapeleka Kambove, kwa mzee aliyekuwa mteja wa marehemu. Mama Odile, dada ya marehemu, tulikwenda naye.

Mzee alisimulia vizuri, hadi alipotaja kwamba maiti ilikuwa na kiatu kimoja tu, cha mguu wa kushoto. Jambo hilo polisi hawakulitangaza kamwe; nililichimbua mwenyewe kwenye faili kuukuu. Nikamwashiria mpiga picha asogee, nikasimama kama hakimu.

"Papa, ile mambo ya kiatu, ni muuaji tu njo anaweza kuijua. Weye ulijua je?"

Mama Odile alinishika mkono huku akilia. "Yesu wangu! Njo yeye aliua ndugu yangu?"

Mzee aliingia ndani, akarudi na kitabu changu, kimekunjwa kona za kurasa. Hakunipa mimi, alimpa Mama Odile.

"Pole, mama. Minye nilisoma humu. Huyu muntu anaandikaka tu, kusoma hapana?"

Kamera ilikuwa bado inanitazama wakati Mama Odile alipouachia mkono wangu.