Ukili wa Mashoto

Mjukuu wangu alikuwa gredi ya nne mwalimu wake wa sanaa alipowapa mradi. Kila mtoto atengeneze kitu kimoja nyumbani kwa vitu vinavyopatikana karibu na kwao, akilete shuleni Ijumaa ya pili. Maelezo yalikuja kwa karatasi. Mimi niliishia darasa la pili, kwa hivyo mtoto ndiye aliyenisomea.

"Wataka kutengeneza nini?" nikamuuliza.

"Mkoba wa ukili kama wako, hawe."

Hawe ni nyanya kwa Kigiriama. Hapa Junda watoto wengi husema nyanya au bibi. Wangu husema hawe kwa sababu nilikataa kuitikia jina jingine.

Miyaa ilikuwepo, yale majani makavu ya mkoma yanayosukwa kuwa ukanda mrefu wa ukili, nao hushonwa kuwa mkoba. Sikosi miyaa nyumbani, maana kusuka ndiyo kazi niliyoijua kabla sijajua nyingine yoyote. Mamangu alitukalisha safu moja upande wake wa kulia, kila mmoja akitazama vidole vya aliyemtangulia. Ukikosea wapigwa vidole, wafumua, waanza tena. Hakuna aliyetueleza kitu. Nami nikamkalisha mjukuu wangu hivyo hivyo, ubavuni kwangu, nikampa miyaa saba.

Hata dakika moja haikupita, akawa anakunja kwa mkono wa kushoto. Ana mashoto huyu. Tangu mdogo nilimzoeza kula kwa mkono wa kulia, akazoea, lakini kazi nyingine zote mkono wa kushoto ndio hutangulia.

"Mkono huo ondoa," nikamwambia.

Akauondoa. Mkono wa kulia ukashika miyaa kama ushikavyo kitu kilichookotwa jaani. Tulikwenda hivyo siku mbili, nikimpiga vidole kidogo pale alipokosea. Alichokisuka kilikuwa kama mkia wa panya aliyekanyagwa. Siku ya tatu nikamnyang'anya, nikasuka mwenyewe.

Sikuona kosa. Mtaa mzima ulikuwa ukifanya miradi ya watoto. Jirani yangu, tunayetumia naye ukuta mmoja, alikuja kuazima mkasi akaketi kulalamika.

"Wallahi nimeshona mdoli mpaka shingo yaniuma. Mwalimu huyu asomesha watoto ama atusomesha sisi?"

"Sisi," nikamwambia. "Nawe darasani ulikuwa mzito."

"Mzito nani? Mdoli wangu ana kope!"

Mkoba niliumaliza siku nne. Niliutia rangi nyekundu na nyeusi, nikashona kwa shazia, ile sindano yetu nene, nikafunga vipini viwili. Ulikuwa mkoba mzuri, na sisemi hivyo kwa kila nilichosuka. Mtoto akautazama, akasema, "Mzuri, hawe." Hakuushika. Nikadhani ni heshima.

Ijumaa wazazi tuliitwa shuleni. Mamake hufanya kazi kiwandani Changamwe, hutoka alfajiri, kwa hivyo nilikwenda mimi. Kazi za watoto zilikuwa zimepangwa juu ya madawati. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na yule mdoli mwenye kope, kulikuwa na lori la chuma lililochomelewa, taa zake za mbele zikiwaka. Babake mtoto wa lori alisimama kando yake kama anayeliuza.

Mwalimu ni msichana wa bara. Alitupa shikamoo haraka haraka, kama mtu aliyefunzwa neno hilo jana. Akazunguka madawati yote akitazama. Halafu akawaambia watoto waketi chini, akamimina sakafuni kapu la vitu: miyaa, udongo wa mfinyanzi, vipande vya waya, matambara.

"Kila mtu atengeneze kipande kidogo cha kitu alicholeta," akasema. "Kipande tu. Wazazi, mikono nyuma."

Mtoto wa lori aliokota waya, akaugeuza, akamtazama babake.

"Mwalimu," babake akasema, "mashine ya kuchomelea iko wapi?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

Mjukuu wangu aliokota miyaa. Akaanza kwa mkono wa kulia, ikamteleza. Akahamia wa kushoto, akanitazama, akaiweka chini. Hakulia. Mwalimu akainama akamwuliza, "Mkoba huu umesukwa na nani?"

Angeweza kusema uongo. Wengine walisema.

"Hawe," akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Mwalimu akaandika kwenye daftari lake, akitamka kwa sauti: chini ya matarajio. Si yeye peke yake, wengi waliandikiwa hivyo. Akatangaza kwamba Ijumaa inayofuata, atakayeweza kutengeneza kipande mbele ya darasa ataandikiwa upya. Asiyeweza, alama hiyo ndiyo itakayoingia kwenye ripoti ya muhula. Kisha akanigeukia.

"Mama, mkoba ni mzuri sana. Wewe ningekupa amezidi matarajio."

"Sikuja kutafuta alama," nikamjibu. Nilipolisema neno hilo halikuwa kweli.

Tukirudi nyumbani mtoto alitangulia. Nikamwita, akaitika "Abee" bila kugeuka.

"Umekasirika?"

"Sijakasirika. Lakini mimi najua kusuka kwa mkono huu. Shuleni nasuka nyasi. Ni hiyo njia yako tu siioni."

Nikamwambia njia ya mkono wa kushoto haipo. Kwetu sikuwahi kuona mtu akisuka ukili kwa mkono huo. Nyumbani kwa mamangu alikuwapo mmoja mwenye mashoto, binti ya ami yangu. Yeye hakukalishwa kwenye safu. Alitumwa maji. Sote tulisuka, naye akateka maji mpaka alipoolewa, na sikumbuki mtu yeyote kuuliza kwa nini. Hilo sikumwambia mtoto. Lakini nililifikiria siku ile mpaka tukafika mlangoni.

Jumatatu alipotoka shule nikamkalisha tena ubavuni kwangu. Mara hii mkono wa kushoto niliuacha. Alitazama vidole vyangu, akajaribu kuvigeuza kichwani mwake, akapotea. Akafumua. Akapotea tena. Vidole vyake sikuvipiga, lakini nilichoka. Mgongo uliniuma, nikahamisha kigoda changu mpaka mlangoni penye mwangaza, nikawa ninamkabili. Nikaendelea na kazi yangu.

Baada ya muda niliona hafumui tena. Nikainua macho. Alikuwa akiitazama mikono yangu na kusuka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa upande wa mkono wake wa kushoto. Nikikunja mwaa, naye anakunja wake upande ule ule. Mikono yangu ikasimama.

"Endelea, hawe. Usisimame!"

"Waniamuru?"

"La. Naomba."

Nikaendelea, polepole. Miaka yote niliyosuka hakuna aliyeketi mbele yangu kujifunza, maana aliyeketi mbele huona kazi kinyume.

Kufikia Jumatano alikuwa na ukili wa urefu wa mkono wake. Akauleta nilipokuwa nikishona mkeka. Alitaka niushone pamoja na ukili wangu tupate kimkoba cha haraka. Nikauweka ubavuni mwa wangu. Mistari yangu ilikwenda huku, yake ilikwenda kule, na kingo zilikataa kuingiana.

"Haushoneki na wangu," nikamwambia.

"Basi nitasuka wote mwenyewe."

"Hutawahi Ijumaa."

"Mwalimu amesema kipande tu."

Ijumaa nilikwenda, ingawa mara hii sikuitwa. Nilisimama nyuma ya darasa. Mtoto wa lori alikuwa ametengeneza kigari cha waya chenye magurudumu mawili, kikienda upande. Mjukuu wangu alipoitwa aliketi mbele, akaanza.

"Anasuka kinyumenyume!" mtoto wa lori akapaza sauti.

"Wewe kaa na kigari chako cha kulewa," akamjibu, na vidole havikusimama.

Wakacheka, hata mwenye kigari. Alisuka shubiri moja na zaidi kidogo. Mwalimu akaushika ukili, akauvuta, akaugeuza nyuma na mbele. Akaandika, akitamka kwa sauti: amefikia matarajio.

"Mbona si amezidi?" mtoto akauliza.

"Pindo limelegea hapa. Na hapa."

Mtoto akanitafuta kwa macho, nadhani alitaka nimtetee. Nikaja mbele, nikauchukua ukili.

"Mwalimu amekuhurumia," nikamwambia. "Ni mahali patatu."

Mwalimu akamwita mtoto aliyefuata.

Nyumbani mtoto hakubadili sare. Aliketi sakafuni, akautafuta ukingo kwa vidole mpaka akapapata pale pa tatu, ambapo mwalimu hakupaona. Akaanza kufumua.

"Alama imeshaandikwa," nikamwambia. "Haitabadilika."

"Najua," akasema, akaendelea kufumua.