Shamba Lote kwa Picha Moja

Mama alitaka shamba lote liingie kwa picha moja kabla mpima ardhi hajafika. Baba yetu tulikuwa tumeshamzika, na Ijumaa sisi wanawe watatu tungegawana, vigingi vipandwe. "Hii shamba nataka kuiona ikiwa yote," aliniambia. Mimi ndiye mpiga picha wa familia, nina studio ndogo Nyeri mjini, basi nikamjibu kwa kiburi, "Hiyo tu?"

Nilipanda juu ya tangi la maji pale kwetu Mweiga asubuhi, nikapiga picha saba nikigeuka polepole, kuanzia Mlima Kenya hadi milima ya Nyandarua. Kamera niliiacha ijipimie mwanga yenyewe. Kosa la mwanafunzi! Kila nilipogeuka ilikuja na hesabu mpya: upande wa jua ikatia giza, upande wa pili ikang'arisha. Nikaziunganisha kwa kompyuta mbio mbio, nikachapisha, nikampelekea.

Mama alivaa miwani. Kisha akapitisha ukucha palipokuwa na mstari, pale picha mbili zilipoungana, viazi vyeusi huku, viazi vilivyopauka kule.

"Kumbe hata wewe umeshagawanya, baba?"

Huniita baba kwa kuwa nina jina la babake, na siku hiyo neno hilo lilinichoma. Nikaanza kumweleza mambo ya mwangaza. Nani alikuwa anasikiliza? Niliona aibu, wacha niseme ukweli. Na ilikuwa tayari Jumatano.

Studio nilijaribu kuziponya picha zile. Nikififisha hii, ile inakuwa matope. Anga ikabaki na viraka. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye huwaambia wateja hivyo.

Alhamisi nilirudi juu ya tangi. Nilingoja mpaka wingu likatanda sawasawa, nikapima mwanga kwenye viazi vya katikati, mbele ya nyumba ya mama, nikafunga namba zote za kamera zisisogee. Halafu nikageuka nikipiga, bila kugusa kitu kingine. Mlima utatoka mweusi kidogo? Utoke. Nyandarua itapauka? Ipauke.

Ijumaa vigingi vilipandwa. Hakuna aliyegombana, lakini hakuna aliyecheka pia. Tuliporudi ndani tulikuta mama ameshaitundika ile picha mpya niliyomletea jana yake, juu ya kabati. Kaka mkubwa akaisogelea, mikono mfukoni.

"Sasa hapa, yangu inaanzia wapi?"

"Uliza mwenye alipiga," mama akasema.

Nikasogea. Mimi niliyeziunganisha kwa mkono wangu, na vigingi nimetoka kuviona sasa hivi! Nikatafuta kwa kidole kutoka mlimani hadi Nyandarua, nikarudi tena. Viazi vilikuwa viazi tu. Nikashindwa.

"Haya," mama akasema, anatabasamu na machozi yanamlengalenga, "basi kaeni, nyote watatu, mnywe chai."