Michezo ya Dunia na Mguu Wangu Mmoja

Nilivunjika mguu wa kushoto kwenye bonanza la watumishi, Ijumaa, muda mfupi kabla ya mapumziko. Nilikuwa senta wa timu ya netiboli ya walimu. Niliruka kuudaka mpira uliokuwa unanipita, nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu, na kabla sijasikia maumivu nilisikia sauti, kama mtu amevunja kijiti kikavu nyuma yangu.

Mume wangu ni afisa ugani. Kazi yake iko Mwanhuzi, na huja Bariadi mwisho wa wiki. Kesho yake alinikuta nimeshafungwa hogo la plasta, gumu, jeupe, kutoka vidoleni hadi chini ya goti, nimelala natazama bati.

"Wiki sita," nilimwambia. "Daktari amesema nisikanyage kabisa."

"Wewe? Wiki sita?" Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Mimi si mtu wa kukaa. Nilizaliwa Morogoro, nikaletwa Simiyu na barua ya ajira, nikaolewa hapa, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kumaliza kikombe cha chai nikiwa kwenye kiti. Nafundisha huku nazunguka darasa. Nasahihisha madaftari nimesimama dirishani. Sasa nilitakiwa kulala na mguu juu ya mito miwili, nikiwasikia watu wakipita barabarani kwenda zao.

Jumapili mume wangu alimleta mama yake kutoka Sapiwi aje aniuguze. Alishuka kwenye pikipiki na furushi la nguo, mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na jembe.

"Mama, jembe la nini?" nilimuuliza baada ya salamu.

"Kwani hapa hakuna majani?"

Majani yalikuwepo kidogo, nyuma ya choo. Aliyamaliza siku ile ile. Siku ya pili alihamisha mawe ya jikoni, siku ya tatu akayarudisha. Alifua hata mapazia. Kila jembe lilipogonga udongo, mimi kitandani nilikunja vidole vya mguu mzima. Nilimwonea wivu mwanamke aliyekuja kunihudumia, na niliona aibu kumwonea wivu.

Hatukuwa na mazungumzo mengi. Yeye nyumbani kwake ni Kisukuma tu. Kiswahili anacho, lakini hukitoa kwa kipimo. Kisukuma changu kilikuwa cha salamu na majina ya vyakula. Aliniita "mwalimu", kama wanavyoniita wazazi wa wanafunzi.

Wiki ya pili mwalimu mkuu alinitumia karatasi za manila na kalamu za rangi. Alitaka bango la kubandika ukutani darasa la tano: michezo ya dunia, inayojulikana na isiyojulikana, kuanzia A hadi Z. Nadhani alinihurumia. Nikawa nasoma kwenye simu na kuandika juu ya ubao wa kukatia mboga.

A niliweka aikido, ya Wajapani, ambayo mtu huitumia nguvu ya anayemshambulia kumwangusha yeye mwenyewe. B ilijaa haraka: bao, baiskeli, na buzkashi, mchezo wa Asia ya Kati ambao wapanda farasi hugombania mzoga wa mbuzi. Mama mkwe alikuwa anapita na ndoo. Aliona nimeacha kuandika.

"Hapo umeandika nini?"

Nikamweleza buzkashi.

"Mbuzi amekufa?"

"Amekufa, Mama. Wanamvuta huku na huku wakiwa juu ya farasi."

"Na nyama nani anakula?"

Sikujua. Nilitafuta kwenye simu, sikupata. Hakuridhika, na alirudi kuniuliza tena jioni.

Tangu siku hiyo akawa anakuja. Hakukaa, alisimama mlangoni na kitu mkononi, ufagio au sufuria, akauliza leo tumefika wapi. CH ilikuwa chandimu, mpira wa mitaani, ambayo aliijua, wajukuu zake wanaicheza hadi magoli yote yanasahaulika. E ilinitesa siku nzima mpaka nilipokuta elle, mchezo wa Sri Lanka wa kupiga mpira kwa fimbo na kukimbia. K ndiyo iliyonishinda. Kwa Kiswahili kila tendo linaanza na ku: kuogelea, kuruka juu, kutupa mkuki, kuvuta kamba, kunyanyua vyuma. Nilibandika karatasi ya pili chini ya ile ya kwanza, na bado kulikuwa na karate na kabadi.

"Kabadi ni nini?"

Nikamwambia ni ya Wahindi. Mchezaji anaingia upande wa wapinzani akitamka jina la mchezo mfululizo, kabadi, kabadi, kabadi, kwa pumzi moja. Awaguse, arudi kwao. Akivuta pumzi njiani, ametoka.

Mama mkwe alifikiri kidogo. Akashika ndoo, akajaza kifua, akatoka. Nilimsikia akienda bombani, kabadi, kabadi, kabadi, halafu maji, halafu anarudi, sauti ikizidi kukonda, kabadi, kabadi, mpaka akavuka kizingiti na kuitua ndoo chini. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Nimetoka?"

"Hujatoka, Mama. Umeshinda."

Nilicheka mpaka hogo likaniumiza. Yeye akapangusa maji yaliyomwagika, akaniambia hiyo si michezo, hiyo ni kazi waliyoipa jina.

Tulipofika M nikamwambia kuna mpira wa magongo. Akayatazama magongo yangu mawili yaliyoegemea ukuta. "Basi wewe unaucheza kila ukienda chooni."

Lakini nilianza kuona kitu. Simu yake ikilia alikwenda kuongelea nje. Alikuwa akirudi, anashika kazi isiyokuwepo: anafagia palipofagiwa, anachambua mchele uliochambuliwa. Mara mbili nilisikia neno buluba. Hilo nililijua, ni pamba. Ulikuwa mwezi wa sita, msimu wa kuivuna. Sikuuliza. Ukweli ni kwamba niliogopa asije akaondoka.

Kisha yakaja mashindano ya baiskeli. Jumamosi hiyo waendeshaji wangepita barabara kuu kwenda Dutwa na kurudi, na mume wangu alikuwa amebaki Mwanhuzi kwa semina. Nilimwomba mama mkwe anisindikize hadi barabarani, ni karibu tu.

"Yaya," alisema, yaani hapana. "Daktari alisema ulale." Akachukua kikapu. "Mimi naenda sokoni. Nikukute hapo hapo."

Nilisubiri mpaka hatua zake zikapotea. Kelele za watu zilikuwa zinafika chumbani, na king'ora cha gari la kuongoza msafara. Nilivumilia dakika tano labda. Kisha nikachukua magongo.

Sijawahi kutembea umbali mfupi kwa muda mrefu vile. Nilipofika, jasho limenilowesha mgongo, wanaume walikuwa wameshapita. Walikuwa wanakuja wanawake, juu ya baiskeli zile zile nzito za kubebea maji na magunia, wameinamia usukani, sketi zimefungwa kwa kamba juu ya suruali. Mmoja alikuwa peku. Nilipiga kelele kama nimerogwa.

Ng'ambo ya barabara mtu mwingine alikuwa anapiga vigelegele kuliko wote. Nikatazama. Ni mama mkwe, kikapu kitupu kichwani, anarukaruka.

Akaniona.

Nilifanya kama mwanafunzi mtoro: nikarudi nyuma nijifiche kwa mtu mrefu aliyekuwa karibu. Gongo likaingia kwenye mtaro, na mimi nikalifuata. Kisigino cha hogo kilipiga zege. Nilisikia likipasuka.

Hakusubiri waendeshaji waishe. Alikatiza barabara huku watu wakimpigia kelele, akashuka mtaroni, akanigeuzia mgongo. "Panda." Nikasema kuna bodaboda. "Panda!" Alinibeba hadi kituo cha bodaboda, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, na nilisikia moyo wake ukidunda mgongoni.

Hospitalini walilikata hogo, wakapiga picha. Mfupa ulikuwa umesogea kidogo. Walifunga jipya na kuanza kuhesabu upya. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri dawa.

"Ulisema unakwenda sokoni, Mama."

"Na wewe nilikuacha kitandani."

Nilijitazama vidole vilivyovimba. Nikasema, "Pamba imepasuka, sivyo?"

Aliitikia kwa kichwa. "Yote. Upepo unaiangusha. Jirani anasema ng'ombe wameingia mara mbili."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nikuache na nani?" Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la khanga. "Mimi kukaa siwezi, ng'wanawane. Nyumba yako nimeshaimaliza."

Ng'wanawane ni mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo. Nililia pale kwenye benchi, na muuguzi akadhani ni mguu.

"Basi twende wote," nilisema.

Mume wangu alipinga kwenye simu, akakubali, akapinga tena. Jumatatu tulikuwa Sapiwi. Mama mkwe aliingia shambani kabla hajafungua furushi. Mimi waliniweka barazani, mguu juu ya gunia, lundo la pamba mbele yangu, kazi yangu kutenga safi na iliyochafuka. Bango lilikuwa kando, nikishika kalamu mikono ikichoka kuchambua. Nilimaliza N, R, S, W. Nikakwama kwenye Y. Sikutulia, nisidanganye, kila aliyepita njiani nilitamani kumfuata. Ila jioni mikono ilikuwa imechoka, na nililala.

Bango lilikwenda shuleni na mtu wa pikipiki, K ikiwa imening'inia hadi karibu na sakafu. Wanafunzi wa darasa la tano waliniandikia barua kuuliza kwa nini sikuweka kurusha mawe.

Hogo lilitolewa mwezi wa nane. Mguu ulitoka mwembamba, umepauka, nikaukataa kwa macho. Mama mkwe aliuosha kwa maji ya moto, akaupaka samli, akausugua mpaka nikamwomba aache.

"Simama."

Nilisimama. Ulitetemeka, lakini ulibeba.

"Sasa nenda."

"Niende wapi, Mama?"

"Nijue mimi? Nenda tu." Na yeye tayari alikuwa ameshashika jembe, anaelekea shambani kung'oa miti ya pamba. Nikaenda, nikichechemea, njia ya kisimani, na nilipofika kisimani sikusimama.